Mwanga Ukutani: Mashine za Sinema, za Jana na za Kesho

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima

Walimu wa madarasa, tafadhali wekeni chaki na ubao tayari, maana leo kuna hesabu kidogo. Nanyi mnaosikiliza nyumbani, chukueni karatasi na kalamu.

Leo tutazungumza juu ya sinema. Habari za waigizaji na hadithi zao tutaziacha kando, tutazame mashine. Picha hufikaje ukutani? Mashine ya zamani ilifanya kazi namna gani? Ya sasa je? Na ya kesho itakuwaje? Halafu liko swali moja kubwa kuliko hayo yote, nalo nataka mlishike tangu sasa: mashine inapobadilika, nani hulipa gharama, na nani huachwa nje ya mlango?

1. Picha zinazodanganya macho

Tarehe 28 Desemba 1895, mjini Paris, nchi ya Ufaransa, ndugu wawili walioitwa Auguste na Louis Lumière waliwaonyesha watu picha zinazokwenda, na watu walilipa kiingilio. Zilionyeshwa picha kumi fupi, kila moja haikutimiza dakika moja. Siku hiyo ndiyo wengi huihesabu kuwa siku ya kuzaliwa kwa sinema.

Sasa sikilizeni siri yake. Kwa kweli, picha ya sinema haiendi. Filamu ni ukanda mrefu wenye picha nyingi ndogo, moja baada ya nyingine, kama shanga katika uzi. Mashine huivuta picha moja mbele ya taa na kuisimamisha. Mwanga hupita ndani yake, hupita katika kioo cha kukuzia, ukaenda mpaka kile kitambaa kikubwa cheupe kiitwacho skrini. Kisha kifuniko huuziba mwanga, picha ya pili ikavutwa mahali pa ile ya kwanza, na kifuniko hufunguka tena. Mambo haya hufanyika upesi sana, hata macho na ubongo wetu haviwezi kuzitenganisha picha hizo. Tunaona mtu anatembea, kumbe tunaona picha nyingi za mtu aliyesimama.

Hesabu yetu ya kwanza ni hii. Tangu sinema ilipoanza kutoa sauti, mwishoni mwa miaka ya 1920, desturi imekuwa kuonyesha picha 24 kwa kila nukta moja ya saa, yaani kila sekunde. Dakika moja ina sekunde 60. Basi 24 mara 60 ni 1,440. Mchezo wa saa mbili una dakika 120. Zidisheni: 1,440 mara 120. Mwalimu, wape wanafunzi muda kidogo.

Jibu ni 172,800. Ndiyo idadi ya picha zilizo katika mchezo mmoja wa saa mbili. Filamu yake, ikinyoshwa chini, ina urefu wa zaidi ya kilomita 3. Ilisafirishwa katika makopo, na uzito wake ulikuwa kilo 25 au zaidi.

Mtu aliyeiendesha mashine hiyo alikuwa fundi hasa. Alikaa katika chumba kidogo nyuma ya watazamaji. Aliunganisha filamu iliyokatika, alibadilisha magurudumu ya filamu, aliichunga taa. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1950 kazi yake ilikuwa ya hatari pia, kwa sababu filamu nyingi za zamani zilitengenezwa kwa kitu kinachoshika moto upesi sana, na moto wake ni mgumu kuzima. Baadaye zilikuja filamu salama zaidi.

2. Kwa nini filamu iliondoka

Filamu ilitumika kwa zaidi ya miaka mia moja. Kwa nini basi iliachwa? Jibu fupi ni fedha.

Kila jumba la sinema lilihitaji nakala yake. Nakala moja ilikadiriwa kumgharimu mwenye mchezo zaidi ya dola 1,000 za Kimarekani. Kama mchezo unafunguliwa katika majumba 3,000 siku moja, fanyeni hesabu wenyewe: ni zaidi ya dola milioni tatu, kabla ya mtu mmoja kukata tiketi. Tena nakala huchakaa. Kila inapopita katika mashine hupata michubuko na vumbi. Watazamaji wa wiki ya kwanza waliona picha safi, lakini watu wa mji mdogo walioipata nakala hiyo baada ya miezi mingi waliona picha yenye mistari kama mvua.

Wataalamu wakatafuta njia ya kuiweka picha katika hesabu za kompyuta. Mwaka 1987, Larry Hornbeck wa kampuni ya Texas Instruments ya Marekani alibuni kipande kidogo chenye vioo vidogo mno vya kujitazamia. Katika mashine za sinema, kipande kimoja kina vioo zaidi ya milioni mbili, na kila kioo ni chembamba kuliko unywele. Kila kioo kinaweza kuinama huku na huku maelfu ya mara katika sekunde moja. Kikiinama upande huu, hupeleka mwanga kwenye skrini. Kikiinama upande ule, mwanga hautoki, na mahali pake pa skrini huwa giza. Kompyuta ndiyo inayoviamuru vioo hivyo. Kwa vipande vitatu, kimoja cha rangi nyekundu, kimoja cha kijani na kimoja cha buluu, rangi za picha hukamilika.

Mwaka 1999 majumba machache ya Marekani yaliwaonyesha watu mchezo mzima wa biashara bila filamu. Mwaka 2005 makampuni makubwa ya Hollywood yalichapisha kanuni moja ya mashine hizi mpya, ili mchezo uliotengenezwa mahali pamoja uweze kuonyeshwa popote. Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 2013 kampuni ya Fujifilm ya Japani iliacha kutengeneza filamu za kupigia na kuonyeshea sinema. Majira yale yale, mwishoni mwa 2013 na mwanzoni mwa 2014, kampuni ya Paramount iliacha kupeleka nakala za filamu katika majumba ya Marekani. Zama zilikuwa zimegeuka.

3. Nani alilipa?

Hapa ndipo swali letu linapoingia. Mwenye mchezo alipata faida kubwa, maana badala ya nakala ya dola 1,000 sasa alipeleka kisanduku kidogo cha kompyuta kwa gharama ndogo sana. Lakini mashine mpya ilinunuliwa na nani? Na mwenye jumba. Wakati ule, kuliweka jumba moja lenye skrini moja katika mtindo mpya kulikadiriwa kuwa dola 60,000 au zaidi.

Kwa kampuni kubwa hilo si jambo gumu. Kwa mwenye jumba moja katika mji mdogo, anayeuza tiketi chache na bisi, huo ni mzigo wa kuvunja mgongo. Ulikuwako mpango wa wenye michezo kuchangia kidogo kila mchezo mpya ulipoonyeshwa bila filamu. Lakini mpango huo uliwafaa zaidi wale wanaopata michezo mipya kila wiki. Aliyezoea kungoja michezo ya zamani kwa bei nafuu hakupata kitu. Katika miji midogo ya Marekani watu walichangishana fedha ili jumba lao lisifungwe. Wako waliofaulu, na wako waliofunga milango.

Tena kuna jambo la ufunguo. Katika sinema ya filamu, ukiwa na makopo na mashine, unaonyesha. Katika sinema mpya, mchezo huja umefungwa kwa maandishi ya siri. Mwenye mchezo hupeleka ufunguo, ambao ni maandishi mengine ya kompyuta. Ufunguo huo hufanya kazi katika mashine iliyotajwa tu, na kwa siku na saa zilizotajwa tu. Siku zikipita, hakuna picha. Sababu yake inaeleweka, kwani mwenye mchezo anajilinda na wezi wa kazi yake. Hata hivyo, uwezo umehama. Zamani mwendesha mashine ndiye aliyeamua taa iwashwe lini. Siku hizi idhini hutoka mbali.

Jambo la tatu ni maisha ya mashine. Mashine ya filamu ilikuwa ya chuma, meno na magurudumu. Fundi hodari aliweza kuchonga kipuri chake, na mashine ikafanya kazi miaka 30, 40, au zaidi. Mashine ya kompyuta haina subira hiyo. Baada ya miaka kumi au kumi na mitano vipuri vyake huwa adimu. Zile zilizonunuliwa kati ya 2010 na 2013 zimekwisha kuzeeka, na wenye majumba wanatakiwa kulipa tena.

4. Mashine za kesho: leza na ukuta wa taa

Wanunue nini basi? Yako mambo mawili yaliyokwisha kuanza, na yanaendelea kuenea.

La kwanza ni leza. Kwa miaka mingi mashine za sinema zimetumia taa ya gesi iitwayo zenoni. Taa hiyo hung'aa sana, lakini maisha yake ni mafupi: saa 500 mpaka 2,000 hivi, kwa kadiri ya ukubwa wake. Tena gesi imeshindiliwa ndani yake kwa nguvu, kwa hiyo fundi anayeibadilisha huvaa kinga usoni na mikononi, maana inaweza kupasuka. Mwanga wa leza unaweza kudumu saa 20,000 au zaidi.

Hesabu ya pili: jumba linafanya kazi saa 10 kwa siku. Taa ya saa 1,000 itadumu siku ngapi? Gawanyeni 1,000 kwa 10. Ni siku 100. Leza ya saa 20,000 je? Ni siku 2,000, yaani zaidi ya miaka mitano. Mnaona basi kwa nini wenye majumba wanaitamani leza, ingawa bei yake ya kwanza ni kubwa. Tena hula umeme kidogo kwa mwanga ule ule.

La pili ni geni zaidi. Ni sinema isiyo na mashine ya kuonyeshea hata kidogo. Skrini yenyewe ndiyo taa. Ni ukuta uliojaa mamilioni ya taa ndogo za LED, kila moja inawaka na kuzima kwa amri ya kompyuta. Mwezi Julai 2017, kampuni ya Samsung iliweka ukuta wa namna hiyo katika jumba moja la sinema mjini Seoul, Korea ya Kusini. Upana wake ulikuwa kama mita 10.

Faida zake ni nini? Kwanza, usiku ni usiku kweli. Katika mashine ya kawaida, hata pale panapotakiwa kuwa peusi pana mwanga kidogo unaovuja. Katika ukuta wa taa, taa ikizimwa imezimwa. Pili, picha hung'aa hata ukumbi ukiwa na mwanga kidogo, kwa hiyo watu wanaweza kula au kuandika huku wakitazama. Tatu, chumba cha nyuma hakihitajiki tena.

Na hasara? Bei yake ni kubwa mara nyingi kuliko mashine ya kawaida. Iko hasara nyingine ambayo wengi hawaidhanii, nayo ni ya sauti. Skrini ya kitambaa ina matundu madogo madogo, na nyuma yake vimewekwa vipaza sauti. Mtu katika picha akisema, sauti hutoka kinywani mwake hasa. Ukuta wa taa hauna matundu ya namna hiyo. Inabidi vipaza sauti viwekwe juu na kandokando, na mafundi wahangaike ili sikio lisitambue.

Mfano mkubwa wa kuta hizi uko mjini Las Vegas, Marekani, katika jengo la mviringo liitwalo Sphere, lililofunguliwa Septemba 2023. Ukuta wake wa ndani una eneo la mita za mraba kama 15,000, yaani viwanja viwili vya mpira wa miguu. Huwafunika watazamaji mbele, juu na pembeni. Ni ajabu kuutazama, lakini mtu wa mshahara mdogo hafiki mlangoni.

5. Je, jumba la sinema litakufa?

Wako wanaosema kwamba haya yote ni bure, kwa kuwa siku hizi kila mtu ana sinema mfukoni mwake, katika simu. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipofunga majumba karibu dunia nzima, maneno hayo yalizidi.

Hofu hii si ya leo. Baada ya mwaka 1946 televisheni ilianza kuenea Marekani, na katika muda wa miaka kumi hivi majumba ya sinema ya huko yalipoteza karibu nusu ya watazamaji wao. Wenye sinema wakatafuta maajabu ya kuwavuta. Mwaka 1952 walileta Cinerama, skrini ya kupinda iliyotumia mashine tatu kwa pamoja. Mwaka 1953 ikaja CinemaScope, yenye skrini pana. Na mwezi Novemba 1952, mjini Los Angeles, waliwavika watazamaji miwani ili picha ionekane kama inatoka nje ya skrini. Mchezo wenyewe uliitwa Bwana Devil. Neno la kwanza mnalijua, ni letu. Ulisimulia habari za simba wa Tsavo, waliowala wafanyakazi wa reli ya Kenya na Uganda mwaka 1898, lakini sehemu kubwa ilipigwa huko huko California.

Watu walijaa. Lakini baada ya miaka michache miwani ilitupwa. Skrini pana ikabaki mpaka leo. Kwa nini? Miwani ilisumbua, na watu waliizoea ajabu yake ikawa si ajabu tena. Skrini pana haikumsumbua mtu, ikawafaa wote. Mwaka 2009, kwa mchezo wa Avatar, miwani ilirudi kwa kishindo, na tena baada ya miaka kadhaa shauku ikapungua. Wazee walisema, kipya kinyemi ingawa kidonda. Tusiuhukumu mtambo kwa mwaka wake wa kwanza.

Wala la kale halifi lote. Mwaka 2023 mchezo wa Oppenheimer ulionyeshwa kwa filamu kubwa ya IMAX katika majumba 30 tu duniani. Filamu yake ilikuwa na urefu wa kilomita 18 hivi na uzito wa kilo 270 hivi. Watu walisafiri kutoka miji mingine kwenda kuiona. Mtambo uliokwisha kuitwa maiti ulijaza viti.

6. Na sisi?

Katika Afrika Mashariki majumba makubwa ya skrini moja yalikuwa fahari ya miji: Dar es Salaam, Unguja, Mombasa, Nairobi, Kampala. Video na televisheni zilipoenea, mengi yalifungwa au yakageuzwa maduka, maghala na mahali pa ibada. Lakini watu hawakuacha kutazama pamoja. Palizuka vibanda vya video. Benchi za mbao, televisheni moja, kiingilio kidogo, na mara nyingi mtafsiri anayeeleza mchezo kwa Kiswahili, au kwa Kiganda kule Uganda, huku akitia chumvi yake. Mashine zilikuwa hafifu, tena mara nyingi nakala zilipatikana bila mwenye mchezo kulipwa, na hilo ni kosa. Lakini vibanda hivyo vinatufundisha jambo ambalo wauza mashine hawalisemi. Watu walikubali picha mbaya ili wacheke pamoja na wenzao kwa bei wanayoiweza.

Basi mtu akija kwenu na habari za sinema mpya, iwe ya chama cha ushirika, ya shule au ya mfanyabiashara, msimwulize tu kama picha inang'aa. Mwulizeni mambo manne. Tiketi itakuwa bei gani? Mashine ikiharibika, yuko fundi hapa hapa anayeweza kuitengeneza? Umeme wake utagharimu kiasi gani kwa mwezi? Na nani anashika ufunguo: je, tutaweza kuonyesha michezo ya watu wetu wenyewe, au tutangoja idhini ya mbali?

Mashine yenye majibu mazuri kwa maswali hayo inafaa, hata kama ni ndogo. Mashine isiyo na majibu itawaachia deni, hata kama ina mwanga wa jua.

Somo letu limekwisha kwa leo.

Maneno ya kukumbuka

Filamu: ukanda wenye picha ndogo zinazofuatana.
Skrini: kitambaa au ukuta ambapo picha huonekana.
Leza: mwanga wenye nguvu wa rangi moja, unaokwenda kwa mstari mwembamba.
Kipuri: sehemu ya mashine inayonunuliwa badala ya ile iliyoharibika.
Idhini: ruhusa.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Mchezo wa saa moja na nusu una picha ngapi, kama kila sekunde zinapita picha 24?
2. Jumba lafanya kazi saa 8 kwa siku. Taa ya saa 1,600 itadumu siku ngapi?
3. Kwa nini miwani ya mwaka 1952 ilitupwa, na skrini pana ikabaki?
4. Katika mji au kijiji chenu watu hutazama wapi picha kwa pamoja? Nani analipa, na nani hawezi kuingia?
5. Andika sentensi tano: ungependa kijiji chako kiwe na sinema ya namna gani, na kwa nini?